Ushirika wa Nyumba wa Amalgamated, Bronx

Mafundi cherehani wa New York walishonea nguo mji mzima, lakini wengi wao waliishi wamebanana Lower East Side, katika vyumba visivyoona jua. Abraham Kazan, mhamiaji kutoka Ukraine aliyekuwa mtumishi wa chama cha wafanyakazi wa nguo cha Amalgamated, aliona dawa ni moja: wapangaji wawe wenye nyumba.

Sheria ya jimbo ya mwaka 1926 ilimfungulia njia. Aliyejenga kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, na kukubali gawio lisizidi asilimia 6, aliweza kusamehewa kodi ya majengo kwa miaka 20. Mwaka uliofuata wanachama wa kwanza wa ushirika wake walihamia nyumba 303 kando ya bustani ya Van Cortlandt. Hisa ilikuwa dola 500 kwa kila chumba, na malipo ya mwezi wastani wa dola 11 kwa chumba. Kwa mshona nguo fedha hizo zilikuwa nyingi mno, hivyo wengi walikopa sehemu yake kwenye benki ya chama chao. Punde wakawa na duka lao, maktaba, shule ya chekechea na basi la watoto. Maziwa na mayai waliagiza kwa pamoja.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ndio uliowapima. Ushirika wa jirani, Sholem Aleichem, ulilemewa na madeni. Mwingine wa Bronx, uliojulikana kama Coops, ulipoteza majengo yake mwaka 1943 baada ya wakazi kukataa kujiongezea dola moja kwa chumba. Amalgamated walijibana, wakachangishana mfuko wa kuwakopesha majirani waliokosa kazi, na madeni yakalipwa. Binafsi naiheshimu sana nidhamu hiyo, kwa kuwa huruma yao ilikuwa na daftari la hesabu.

Kazan aliendelea kujenga hadi Co-op City yenye nyumba 15,372, akafariki mwaka 1971. Huku Amalgamated, baadhi ya majengo ya mwanzo yasiyo na lifti yalibomolewa, ikasimama minara miwili ya ghorofa 20. Sharti la msingi halikubomolewa: anayehama huurudishia ushirika hisa yake bila kuiuza kwa bei ya soko, na anayeingia hukuta nyumba ambayo mfanyakazi bado anaimudu.