Ngano kwenye skrini: kutoka Berlin hadi Sankuru

Huko Ankoro, nchini Kongo, mahali mto Luvua unapoingia Lualaba, msimulizi wa ngano hana haja ya kumtambulisha sungura. Kila mtoto anajua kwamba huyo mdogo ndiye mjanja. Sinema ya Ujerumani iliitumia nguvu hiyo ya ngano zamani, enzi ambazo picha hazikuwa na sauti: kisa ambacho mtazamaji alikijua tangu utotoni hakikudai maelezo mengi.

Mwaka 1918 Paul Wegener alitengeneza filamu ya mpiga filimbi aliyewaondoa panya mjini Hameln. Panya wake walikuwa wa mbao, wakisogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, na miongoni mwa waliosaidia kazi hiyo alikuwa msichana Lotte Reiniger, mzaliwa wa 1899. Mwaka 1924 Paul Leni akamleta kwenye skrini khalifa Harun Rashid, akiigizwa na Emil Jannings, katika Baghdad ya kuta zilizopinda. Huo ndio mtindo wa ekspreshonisti: hofu na tamaa za mtu huonekana hadi kwenye majengo.

Reiniger alifika mbali zaidi. Kati ya 1923 na 1926, katika studio juu ya gereji ya mwenye benki Louis Hagen huko Potsdam, alikata maumbo ya watu kwa karatasi nyeusi na madini ya risasi yaliyopondwa yakawa membamba, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akapiga picha moja moja. Picha zilizotumika ni takriban 96,000. Ndivyo ilivyozaliwa Die Abenteuer des Prinzen Achmed, kisa cha Alfu Lela Ulela chenye farasi arukaye, miaka 11 kabla ya Snow White ya Disney. Mwovu wake ni mchawi kutoka Afrika. Mashariki ilitoa hadithi, Berlin ikashika mkasi, Afrika ikapewa ubaya.

Kongo nayo ilifikiwa na kamera: miaka ya 1950 padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za Mboloko, paa mdogo mjanja wa ngano za Kongo. Ngano ilikuwa ya Wakongo, kamera ya misheni.

Mwaka 1991 Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Lubefu, eneo la Sankuru nchini Kongo, alitoa katuni yake ya chura anayekwenda ukweni, kutokana na ngano ya Watetela. Hapo Mwafrika hakungoja kupangiwa nafasi moja: alikuwa mgeni, mkwe na mwenyeji, na msimulizi pia.