Ioni katika uoksidishaji wa hidrokaboni

Uundaji wa ioni ni kutokea kwa chembe zenye chaji ya umeme hidrokaboni inapoungana na oksijeni. Katika mwali wa buluu wa jiko la gesi mjini Mbarara, kipande cha molekuli ya hidrokaboni, CH, hukutana na atomi ya oksijeni, zikazaa ioni CHO⁺ na elektroni huru. Atakayedai kwamba joto pekee latosha ajibiwe na mwali wa haidrojeni safi: una joto kali zaidi, lakini ioni zake ni chache mno hadi uongezwe hidrokaboni kidogo. Chanzo, basi, ni mmenyuko wenyewe. Si kila uoksidishaji huenda hivyo: kwenye kichocheo cha platini hufanyika juu ya uso wa metali, pasipo mwali. Tangu miaka ya 1950, maabara hupima hidrokaboni kwa mkondo wa umeme wa ioni za mwali.