Shinikizo la damu, au tansio

Mambasa, mkoani Ituri nchini Kongo, kwenye barabara itokayo Komanda kwenda Epulu na Kisangani, ni nadra kumsikia mtu akitaja shinikizo la damu. Watu wana tansio. Neno liliingia na Kifaransa cha wauguzi, likakaa. Ukivuka mpaka kuingia Uganda, au ukifika Nairobi na Dar es Salaam, ugonjwa huohuo unaitwa presha. Shinikizo la damu utalikuta vitabuni, redioni na kwenye mabango ya wizara.

Maneno haya hayakuanzia mahali pamoja. Tansio kwa asili ni mvuto, kama kamba iliyokazwa. Presha ni msukumo. Shinikizo ni ndugu wa kushindika, yaani kukamua ufuta au miwa kwenye kinu, na hapo ndipo ninapolipendea. Aliyewahi kusimama kando ya mashine ya mawese anajua: mkono ukizungushwa, chikichi zinabanwa, mafuta yanachuruzika, mkono ukilegezwa, yanakoma. Moyo nao unaishindika damu ndani ya mishipa, mara kama 100,000 kwa siku. Mishipa ikikakamaa, au chumvi ikivuta maji mengi kwenye damu, kila pigo linazibana kuta za mishipa kuliko zinavyostahili. Na Ituri chumvi haiko kwenye sufuria tu. Iko ndani ya makayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, kabla hata moto haujawashwa.

Basi kila mtu aliye hai ana tansio. Ugonjwa ni tansio ya juu, na hilo "ya juu" ndilo tunalolimeza tunapozungumza. Mwaka 1733 Mwingereza Stephen Hales alichapisha habari za bomba la kioo aliloliunganisha na mshipa wa farasi: damu ilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alileta kipimo cha mpira wa kufunga mkononi na zebaki, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa chini ya mpira huo. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Kwa hiyo tansio ya milimita 140 za zebaki ingeweza kuinua maji hadi mita 1.9, kimo cha mtu mrefu.

Hesabu hii ina mtego wake mpakani. Kwa desturi ya Kifaransa wengi husoma kwa sentimita: 14 kwa 9. Waganda na Wakenya husoma kwa milimita: 140 kwa 90. Ni kitu kimoja, na ndipo unapoanzia ugonjwa kwa mtu mzima aliyepimwa zaidi ya siku moja. Lakini mama aliyezoea kusikia "kumi na sita" akitajiwa "mia moja na sitini" anaweza kuamini amekwisha kufa. Muuguzi aseme zote mbili.

Neno linalonisumbua zaidi, hata hivyo, si jina la ugonjwa. Ni kitenzi cha tiba. Vitabu vinasema kudhibiti, neno ambalo vijijini kwetu halina masikio. Wauguzi husema kukontrole. Sasa, kontrole kwa Kifaransa ni ukaguzi: polisi wa barabarani anakontrole karatasi. Mgonjwa akiambiwa "hii ni dawa ya kukontrole tansio," anaelewa kwamba ni jambo la kupima, likishapimwa limekwisha.

"Mama, dawa ulimeza leo?"

"Hapana, dokta. Tansio ilishaisha. Kichwa haiumi tena."

Mazungumzo haya nimeyasikia mara nyingi, na yananiuma, kwa sababu mama huyo si mzembe. Dawa ya malaria ameimeza siku 3, malaria ikaisha. Dawa za minyoo hivyohivyo. Nani amemweleza kwamba hii ni ya namna nyingine? Tansio ya juu mara nyingi haina maumivu yoyote mpaka siku inapopasua mshipa wa ubongo. Amlodipini inalegeza misuli ya mishipa; hidroklorothiazidi inatoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo; kaptopili inazuia mwili usitengeneze kemikali inayobana mishipa. Zote zinalegeza mkono wa mashine. Hakuna inayouvunja. Kidonge kikiisha mwilini, mkono unarudi kukaza.

Kwa hiyo ninapendekeza kushikilia. "Dawa inashikilia tansio." Mtoto ukimshikilia mtoni, hujamfundisha kuogelea, ukimwachia, anazama. Kila mtu Mambasa analielewa neno hilo bila kamusi, na ndani yake mna muda: anayeshikilia hajamaliza kazi.

Neno hili linafaa pia kwa familia zinazokimbia mashambulizi, ambazo hubeba godoro na sufuria na kuacha vidonge mezani, kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyeumwa. Linafaa kwa aliyevimba vifundo vya miguu kwa amlodipini, au kupata kikohozi kikavu kwa kaptopili: arudi abadilishiwe, asiachie. Mwenye mimba naye arudi upesi, maana kaptopili humdhuru mtoto tumboni, na methildopa ipo kwa ajili yake.

Kwenye karatasi ya mgonjwa, chini ya jina la dawa, ningeandika hivi: kidonge 1 kila asubuhi, hata kichwa kisipouma.