Bure ama huru? Neno moja, vurugu tele

Juzi mteja mmoja aliniuliza, "Kama hiyo programu ni free, mbona unanitoza pesa?" Nilicheka, kisha nikafikiri. Kosa si lake. Kosa ni la neno lenyewe.

Hapo kale "free" halikuhusu pesa hata kidogo. Mzizi wake ni wa kupenda, na ndugu yake ni "friend", yaani rafiki. Wataalamu wa asili ya maneno husema wapendwa wa ukoo ndio walioitwa hivyo, kuwatofautisha na watumwa. Maana ya "bila malipo" ilikuja baadaye sana.

Haya, tuje kwenye tarakilishi. Septemba 1983 Richard Stallman wa MIT alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation. Yeye alimaanisha uhuru: kuitumia programu upendavyo, kuuchunguza msimbo wake, kuubadilisha na kuwagawia wenzako. Pesa hakuzikataa. Mwaka huo wa 1985 alikuwa akiuza kanda za Emacs kwa dola 150 kila moja!

Linus Torvalds alianzia upande wa pili. Alipotoa Linux mwaka 1991, leseni yake ilikataza mtu yeyote kutoza pesa kwa kuisambaza. Hiyo ilikuwa bure kwelikweli. Mwaka 1992 akahamia leseni ya GPL, iliyoandikwa na Stallman, na biashara ikaruhusiwa. Bila badiliko hilo, kampuni kama Red Hat zisingekuwa na cha kuuza.

Hata hivyo, wenye mitaji waliendelea kusikia "bure" kila walipoambiwa "free". Ndipo mwaka 1998 Christine Peterson akapendekeza jina "open source". Jina likashika, lakini Stallman akalikataa: alisema linaficha uhuru. Kambi mbili hizo zipo hadi leo.

Sisi wenye Kiswahili tuna bahati. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru. Januari 2003 watoto wetu wakapata elimu ya msingi ya bure. Nani aliwahi kuyachanganya hayo mawili? Tena tunalo "huria": soko huria, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Humo mna uhuru na uwazi pamoja, kwa hiyo "programu huria" inatosha kambi zote mbili.

Ila tuchunge ulimi. "Bure" nalo lina maana nyingine: kazi bure ni jasho lisilo na faida. Ukiiita programu "ya bure", umeshaishusha hadhi, na aliyeiandika pia.

Basi nilimjibu mteja: programu ni huria, lakini mikono yangu si ya bure. Akalipa nusu. Hiyo nusu nyingine bado naingoja.