Si Toleo Pungufu, ni Chapa ya Mkupuo

Linanadiwa, kwa mujibu wa tangazo, "toleo pungufu la chapisho la sanaa". Mwenye mali ni mwalimu mstaafu wa hapa Vuga, Usambara. Dalali aliyeandika tangazo ni mtu wa mjini, naye nilipomhoji alijitetea kwamba maneno hayo ameyakuta katika orodha ya istilahi iliyopitishwa na kamati. Namwamini. Maneno ya aina hiyo hayazaliwi na mtu mmoja. Yanahitaji kikao, chai na posho.

Kinachouzwa ni karatasi iliyobanwa juu ya bamba la chuma lililoliwa na tindikali, kazi ya Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, yenye saini ya penseli na nambari 12/50. Msomaji anaelewa: ziko hamsini, hii ni ya kumi na mbili, ya hamsini na moja haitakuwepo. Sasa lirudie tangazo. Pungufu ni kilichokosa sehemu yake, kama mshahara pungufu au kilo pungufu ya sukari. Mnunuzi atauliza ni kurasa zipi zilizonyofolewa. Atakuwa na haki ya kuuliza kurasa, maana ameambiwa ni chapisho, na chapisho ni kitabu, jarida au kijitabu kilichotolewa kwa umma.

Jina la kitu hiki tunalo, ni chapa. Neno lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, ambako chhap ni muhuri, na pia alama inayobaki muhuri ukishainuliwa. Kiswahili kilizipokea maana zote mbili. Ng'ombe ana chapa ubavuni, bidhaa ina chapa yake, barua hupigwa chapa, na Serikali ya Tanzania hadi leo ina Mpiga Chapa Mkuu. Kuchapisha na chapisho ni watoto wa baadaye waliohamia upande wa kutangaza na kusambaza. Mzazi alibaki kwenye kubana na kuacha alama, ndiko aliko msanii wa bamba. Ajabu ni kwamba somo hili linahitajika Vuga, penye makao ya kale ya watawala wa Kikilindi aliyofika mmisionari Krapf mwaka 1848, na ambako baadaye vitabu vya Kilutheri vilitoka vikiwa na jina la Vuga Press. Hapa chapa si msamiati mgeni.

Limebaki toleo. Mtaalamu mmoja, ambaye makala zake huniamkia kwa kejeli kila zinapotoka, amependekeza "toleo lenye mipaka", kana kwamba tunapima shamba. Mwingine anashikilia "chapa adimu". Huyu wa pili ana sikio, lakini uadimu waweza kuletwa na mchwa au moto. Uchache tunaousema hapa ni ahadi iliyotolewa kabla ya kazi kuanza. Na toleo lenyewe ni la vitabu: toleo la pili husahihishwa, huongezwa sura, kisha hupigwa chapa tena na tena bila mtu kulalamika.

Nimependekeza, na narudia kwa waliojifanya hawakusikia mara ya kwanza: mkupuo. Kukupua ni kukung'uta, kuangusha vyote kwa pamoja, na mkupuo ni kile kilichotoka kwa mara moja bila nyongeza. Mwalimu wetu hahitaji kamusi. Tangu mzozo wa kikokotoo cha pensheni wa mwaka 2018 hakuna mstaafu Tanzania asiyejua malipo ya mkupuo. Nimejibiwa kwamba msanii hakamilishi chapa hamsini kwa siku moja. Kweli, lakini umoja wa mkupuo uko katika hesabu, haumo katika kalenda. Hesabu ikitimia, bamba hukwaruzwa lisitumike tena, na mkupuo umefungwa. Zile chache ambazo msanii hujiwekea nje ya hesabu zitoshe kuitwa chapa za msanii; hilo halihitaji kikao.

Neno hili lina kazi ya kufanya nchini. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972, na humo George Lilanga (1934–2005), aliyepata umaarufu kwa taswira zake za mashetani, alifanya kazi ya bamba na tindikali pamoja na ya rangi na vinyago. Karatasi za wakati huo zimetundikwa sebuleni kwa watu, na watoto wa wenye nazo wameanza kuuliza bei.

Kwa anayeuza: taja jina la msanii, mbinu, mwaka, nambari, saini, na usikate pambizo la karatasi.

Nawaomba wauzaji wa Lushoto, Soni na Vuga waiache orodha ya kamati na waandike hivi, baada ya jina la msanii na mwaka: "Chapa ya tindikali, ya 12 katika mkupuo wa 50, saini ya msanii kwa penseli, mali ya mtu binafsi." Dalali wetu ameshapelekewa sentensi hiyo, bila malipo.