Mwanamke wa Mboko: Ombaomba, Mungu wa Kike au Mke wa Roho?

Sanamu ndogo isiyo na maandishi haijisemei; husemeshwa na wanaoitazama. Wataalamu wa sanaa ya Wayunani wa kale hutazama kwanza kile ambacho sanamu imeshika au imevaa. Mwanamke mwenye kofia ya vita na bundi hutambuliwa kuwa Athena. Mwenye upinde na paa, Artemis. Kanuni hii ina nguvu kwa kuwa Wayunani waliacha vitabu vinavyoeleza alama hizo. Lakini mbele ya sanamu za marumaru za visiwa vya Cyclades, zilizochongwa katika milenia ya tatu kabla ya Kristo, kanuni hukwama. Wanawake hao wamekunja mikono mitupu, na wengi wao walichimbuliwa makaburini na wezi bila kumbukumbu yoyote. Hata hivyo, mara nyingi wameitwa "miungu wa kike".

Katanga nayo ina swali la namna hiyo. Miongoni mwa kazi za wachongaji Waluba yumo mwanamke wa mti, aliyeketi au kupiga magoti, akishika bakuli mbele yake. Katika makusanyo ya zamani ya Ulaya aliandikwa "ombaomba". Jina hilo halikuzuka bure: wakati wa ukoloni iliripotiwa kwamba sanamu hiyo iliwekwa nje ya nyumba ya mwanamke aliyekaribia kujifungua, na wapita njia wakatia zawadi bakulini. Aidha, machoni pa Mzungu, bakuli linaloelekezwa kwa watu ni alama ya kuomba. Kanuni ya alama ilitumika, ila kwa kamusi ya nchi nyingine.

Sanamu yenyewe inapinga jina hilo. Nywele za mwanamke huyo zimesukwa kwa uangalifu mkubwa, na mwili wake una chale za urembo. Hizo ni dalili za heshima, wala si za ufukara. Matumizi yake yanathibitisha hayo. Utafiti wa Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts, uliotolewa mwaka 1996 pamoja na maonyesho ya sanaa ya Waluba huko New York, ulionyesha kwamba sanamu hizo zilikuwa mali ya wafalme na ya waaguzi waitwao bilumbu. Ndani ya bakuli mliwekwa pemba, yaani udongo mweupe, alama ya usafi na ya ulimwengu wa roho. Kwa baadhi ya waaguzi, mwanamke huyo alikuwa mke wa roho impandayo mwaguzi. Wengine walihusisha bakuli na Mijibu wa Kalenga, mwaguzi wa kwanza katika masimulizi ya chanzo cha ufalme. Kwa hiyo, hata zile zawadi za wapita njia zaweza kufahamika kuwa sadaka kuliko msaada kwa maskini.

Je, basi, aitwe mungu wa kike? Hapa isimu ina neno la kusema. Kiyunani hutenganisha theos na thea, na Kifaransa dieu na déesse. Kiluba, kama Kiswahili, hakigawi majina kwa jinsia. Vidye, roho mkuu, haonyeshi kwa umbo la neno kama ni mume au mke. Na Kiswahili hakina budi kuongeza "wa kike" ili kutafsiri fikra iliyotoka nje. Tena mboko ni jina la kibuyu au bakuli la uaguzi, wala si jina la mwanamke alishikaye. Neno lenyewe laelekeza macho kwenye chombo.

Lakini mwanamke hayupo kwa bahati tu. Kwa Waluba, mwili wa kike ndio uliohesabiwa kuwa na nguvu ya kuhifadhi roho. Mfalme alipofariki, roho yake ilikaa ndani ya mwanamke aliyeitwa mwadi, naye akaheshimiwa kama mfalme mwenyewe. Sanamu, kwa maana hiyo, ni makao ya nguvu, si picha ya mungu.

Mfano mashuhuri umo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Una uso mrefu na mashavu yaliyobonyea. Frans Olbrechts, katika kitabu chake cha mwaka 1946, aliuhusisha mtindo huo na kijiji cha Buli. Mtazamaji aliyekwisha kuambiwa "ombaomba" huona njaa katika mashavu hayo. Aliyesikia habari za mwadi huona uzee na utukufu. Mti ni uleule. Lililobadilika ni neno.

Ndiyo maana jambo hili halihusu Ulaya pekee. Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910, ulijazwa na watu waliotoka pande nyingi, Waluba wakiwamo. Kijana wa mtaa wa Kenya, azungumzaye Kiswahili nyumbani na kusoma kwa Kifaransa, aweza kukutana na bibi zake kwa mara ya kwanza katika kitabu cha picha, wakiwa wameandikwa "ombaomba". Asipokuwa na neno lingine, ataliamini hilo. Kulitafuta neno hilo lingine, kwa wazee wasemao Kiluba na kabla kumbukumbu zao hazijatoweka, ni kazi ya chuo kikuu.