Suluhu Baada ya Kifungo: Hoja kutoka Junda

Gereza la Shimo la Tewa na wadi ya Junda vimo katika eneo bunge moja, Kisauni, mjini Mombasa. Mfungwa anayefunguliwa asubuhi aweza kushuka matatu Mishomoroni, ndani ya Junda, kabla ya adhuhuri. Huko atawakuta watu wale wale aliowaacha: mwenye duka aliyevunjiwa, kijana aliyepigwa panga, mama ambaye mwanawe aliuziwa unga. Dola imewatenganisha kwa miaka, kisha inawarudisha kwenye kichochoro kimoja bila kumwandaa yeyote kati yao. Makala haya yanadai kwamba suluhu ya kijamii, ambayo nchini Kenya huhimizwa zaidi kama njia ya kupunguza kesi mahakamani, ina mahali pengine inapofaa zaidi na kudhuru kidogo, napo ni baada ya kifungo kuisha.

Suluhu inapowekwa sasa

Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 159(2)(c) cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Mahakama iendeleze upatanishi na njia za kijadi za kutatua migogoro, na kifungu cha 159(3) kinazizuia njia hizo kukiuka Sheria ya Haki. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinaruhusu mapatano katika shambulio dogo na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inampa hakimu nafasi ya kumpangia mkosaji kazi ya umma isiyo na malipo, badala ya jela, kwa makosa ambayo kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3. Mwaka 2020 Mahakama ikatoa sera yake kuhusu mifumo mbadala ya haki. Takriban zote hizi husimama kwenye mlango wa kuingilia. Shabaha yake kubwa ni kumzuia mtu asifike gerezani.

Nia hiyo ni njema, ila mlango huo ndio wenye mabavu mengi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa fidia iliyojumuisha ngamia na mbuzi. Waliouunga mkono uamuzi ule waliona heshima kwa mila na dini. Waliouhofia waliuliza: je, marehemu asiye na ukoo mkubwa, au mshtakiwa asiye na mifugo? Katika Pwani swali hilo lina sura chungu zaidi. Kesi ya unajisi inapomalizwa nyumbani, wazee hupokea pesa, familia huhifadhi jina lake, na mtoto hubaki na jeraha lake katika nyumba ile ile. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haikuwapa wazee mamlaka ya kuifuta kesi kama hiyo. Palipo na tishio la jela, mkosaji ana sababu ya kununua msamaha, na mkosewa hushinikizwa auuze.

Kwa nini baada ya kifungo

Mwaka 1977 Nils Christie, mwanakriminolojia wa Norway, alichapisha makala mashuhuri yenye dai kwamba dola na wanasheria wamewapokonya watu migogoro yao. Mfano wake wa kwanza aliutoa Tanzania, mkoani Arusha: mwanamume na mwanamke waliovunja uchumba wakijadili mgawanyo wa mali, ndugu na majirani wakiuliza na kujibu, mahakimu wakiwa kama watazamaji. Mfano huo umetajwa mara nyingi kutetea haki ya urejeshi, yaani kurekebisha madhara kwa kuwakutanisha mkosaji, mkosewa na jamii, katika jinai, lakini ulikuwa mgogoro wa madai. Hakuna aliyekuwa akikabili jela pale, na huenda ndiyo sababu ndimi zilikuwa nyepesi.

Hali inayokaribia ile, katika makosa mazito, hupatikana hukumu ikishatumikiwa. Deni kwa dola limeshalipwa, kwa hiyo msamaha haununui uhuru. Mkosewa anaweza kusema ukweli wake bila kuambiwa kwamba neno lake litamfunga mwana wa jirani. Mkosaji naye anapokiri, kukiri kwake hakumpunguzii hata siku moja, na hapo ndipo kunapata uzito. Masharti mawili ni lazima. Kikao kiishie kwenye kosa lililohukumiwa, kisigeuke uchunguzi mpya. Na aliyeachiliwa baada ya kushinda kesi, au aliyekaa rumande akafutiwa mashtaka, asiitwe kuomba radhi: anachodai yeye ni mtaa utangaziwe kwamba hana hatia.

Jamii ipi?

Nadharia ya urejeshi huitaja jamii kana kwamba inasubiri kuitwa. Junda haiko hivyo. Wamijikenda, Waswahili, Wabajuni na watu waliotoka bara wanaishi ukuta kwa ukuta. Tangu Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908, wengi katika ukanda wa Pwani wamejenga au kupanga kwenye ardhi isiyo yao, na anayefungwa miaka 7 aweza kurudi akute nyumba ya kwao imebomolewa na ndugu wamehama. Wazee wa kabila moja hawawezi kuuwakilisha mtaa wa namna hii, na baraza la chifu lina uzito wa serikali ambao vijana wengi hauwatulizi. Magenge kama Wakali Kwanza yaliwapa vijana wa Kisauni kile ambacho mtaa haukuwapa: jina, ulinzi na riziki. Mfungwa asiyepokewa na yeyote siku ya kwanza hupokewa na genge siku ya pili.

Kwa hiyo jamii inayohitajika iundwe kwa kila mtu. Mwaka 1994, mjini Hamilton, Kanada, waumini wa kanisa walimzunguka mtu mmoja aliyetoka gerezani kwa makosa ya kingono, wakamsaidia huku wakimdai uwajibikaji. Kwa Junda, kikundi cha watu 5 au 6 kingetosha: afisa wa probesheni, imamu au mchungaji, mwanamke anayeaminiwa na mtaa, mtu wa kazi anayeweza kumpa ufundi au kibarua, mmoja aliyewahi kufungwa akatulia, na mtu aliyechaguliwa na upande wa mkosewa. Kianze kumtembelea mfungwa miezi kadhaa kabla hajafunguliwa. Anayetumia heroini aunganishwe mapema na kliniki ya methadoni ya Kisauni, kwa kuwa arosto, maumivu ya kukosa dawa, haisubiri kikao.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la mkosewa: kwa nini abebeshwe mzigo wa kumrekebisha aliyemuumiza? Asibebeshwe. Mtu hakatai mwito, hukataa aitiwalo. Aulizwe, na akikataa kuonana, haki yake ya kujua siku ya kufunguliwa na kuwekewa mpaka wa usalama ibaki. Kikundi kiendelee bila yeye, wala kisimtangaze kuwa mwenye chuki.

Pingamizi la pili ni kwamba mazungumzo hayajazi tumbo. Ni kweli. Waajiri hudai cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, na rekodi ya hukumu hufunga milango ambayo kikao kimefungua. Uingereza ilitunga mwaka 1974 sheria inayoruhusu hukumu nyingi zihesabiwe kuwa zimekwisha baada ya muda bila kosa jipya, isipokuwa kwa kazi nyeti. Kenya ingetunga sheria ya namna hiyo kwa makosa madogo na ya wastani, na ahadi iliyotimizwa mbele ya kikundi iwe ushahidi wa kufupisha muda huo.

Pingamizi la tatu ni la gharama. Afisa mmoja wa probesheni hawezi kuhudumia wadi nzima. Lakini mtaa unalipa sasa hivi: kwa mali inayoibwa tena, kwa kijana anayechomwa na umati, kwa familia zinazoishi milango imefungwa magharibi. Serikali ya kaunti ikigharimia vikundi vichache kwa mwaka mmoja, ikianza na wafungwa wa Shimo la Tewa wanaorudi Kisauni, itajulikana kama hoja hii inasimama. Ikishindwa, itakuwa imeshindwa bila mhalifu yeyote kukwepa adhabu na bila mkosewa yeyote kuuziwa haki yake. Suluhu zinazofanywa leo kabla ya hukumu haziwezi kutoa dhamana hiyo.